Sauti Hufunzwa: Siti binti Saad na Funzo Lake kwa Waimbaji wa Mosocho

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa udongo uwahi ungali maji. Methali hii hutajwa mno na wazazi na walimu wanapotaka kusisitiza kwamba malezi na mafunzo hayana budi kuanza mapema, kabla ya mwanafunzi kukomaa. Hata hivyo, katika historia ya uimbaji wa Afrika Mashariki yumo mfinyanzi mmoja, mfinyanzi wa vyungu hasa, ambaye maisha yake yanaipa methali hii changamoto. Mfinyanzi huyo ni Siti binti Saad wa Unguja. Alipoanza kufunzwa uimbaji kwa utaratibu alikuwa amekaribia au kutimiza umri wa miaka 30, umri ambao wengi wangesema udongo umekwishakauka. Licha ya hayo, ndiye anayetambuliwa hadi leo kuwa mama wa taarabu ya Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kueleza safari ya Siti kama mwimbaji wa fani nyingi na kama mlezi wa sauti za wengine. Yanakusudia pia kuonyesha jinsi safari hiyo inavyomhusu mwanafunzi aliye mbali na bahari, hususan kule Mosocho, kituo cha soko kilicho kwenye barabara itokayo mji wa Kisii kuelekea Kisumu. Huenda msomaji akauliza: Mosocho na Unguja wapi na wapi? Jibu ni kwamba swali linaloulizwa Mosocho leo ndilo lililoulizwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 20. Je, sauti nzuri ni kipaji cha kuzaliwa nacho tu, au ni elimu ambayo mtu hufunzwa, akaimiliki na kuirithisha?

Makuzi na Masomo ya Siti

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Babake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mamake Mzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, jina ambalo peke yake linatosha kueleza nafasi ya ukoo wake katika jamii ya wakati ule. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Hakupelekwa shule. Alijifunza ufinyanzi kwa mamake, akawa anabeba vyungu kwenda kuviuza, na inasimuliwa kwamba wanunuzi walimtambua kwa mbali kutokana na sauti yake alipokuwa akinadi bidhaa.

Ikumbukwe kwamba kunadi vyungu si jambo dogo katika mafunzo ya sauti. Mnadi hana budi kuifikisha sauti yake mbali bila kupaza ukelele unaoumiza koo, kwani kesho atanadi tena. Lazima atamke waziwazi ili aliye ndani ya nyumba ajue kinachouzwa. Aidha, lazima apumue akiwa anatembea na mzigo kichwani. Kwa hivyo, kabla ya kumpata mwalimu yeyote, Siti alikwishapitia mazoezi ambayo walimu wa sauti wa siku hizi huwapa wanafunzi wao kwa majina makubwa.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyehusiana na Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Wakati huo taarabu ilikuwa fani ya wanaume, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Mizizi yake Unguja inahusishwa na utawala wa Sultani Barghash (1870–1888), ambaye alivutiwa na muziki wa Misri. Ali Muhsin alikubali kumfunza Siti kuimba na kupiga ala. Uamuzi huo ulikuwa mzito kwa pande zote mbili. Mwalimu alimfungulia mlango wa fani ya makasri mwanamke wa shamba asiye na nasaba iliyotukuzwa. Mwanafunzi naye alikubali kuanza upya, kama mtoto, katika lugha isiyokuwa yake.

Ufundi wa Sauti Yake

Ili kuelewa ubora wa Siti, ni muhimu kuchunguza mambo matatu yaliyoijenga sauti yake.

Kwanza, kuna elimu ya kusoma Kurani kwa tajwidi. Elimu hii humfunza msomaji makharaji ya herufi, yaani mahali hasa katika koo, ulimi, midomo na pua ambapo kila sauti hutokea. Humfunza pia vipimo vya kuvuta irabu: irabu nyingine huvutwa kwa harakati 2, nyingine kwa 4 au 5, na nyingine hufikia 6. Vilevile humwelekeza mahali pa kusimama na kuvuta pumzi bila kuharibu maana. Tukiyatazama hayo kwa jicho la mwalimu wa sauti, tutaona kwamba ni mafunzo kamili ya matamshi, mdundo na udhibiti wa pumzi. Si ajabu, basi, kwamba Umm Kulthum wa Misri, aliyekuja kuwa mwimbaji mashuhuri kuliko wote katika ulimwengu wa Kiarabu, naye alianzia katika usomaji wa Kurani akiwa mtoto wa kijijini. Waimbaji hawa wawili walitenganishwa na maelfu ya kilomita, lakini chuo chao cha kwanza kilikuwa kimoja.

Pili, kuna muundo wa ushairi wa Kiswahili. Nyimbo nyingi za taarabu hufuata beti za mishororo mitatu, na kila mshororo aghalabu huwa na mizani 16 iliyogawika vipande viwili vya mizani 8. Mgawanyo huu unamfaa mwimbaji, kwa kuwa mwisho wa kipande ni mahali pa asili pa kupumua. Mwimbaji asiyejua mizani hukata neno katikati ili avute hewa, na maana hupotea. Mwimbaji mweledi huifanya pumzi yake iitii bahari ya shairi. Siti, ambaye hakusoma shule, aliishika kanuni hii kwa masikio.

Tatu, kuna uwezo wa kuvuka mipaka ya lugha. Siti aliimba kwa Kiswahili, Kiarabu na hata Kihindi. Katika mji wa Unguja, ambako wasikilizaji walikuwa wa asili nyingi, uwezo huo ulimwezesha kuimba mbele ya watukufu na mbele ya wachukuzi pia. Hata hivyo, mchango wake mkuu ni kuitoa taarabu katika Kiarabu na kuitia katika Kiswahili, lugha iliyoeleweka na aliyekaa barazani na aliyesimama nje ya dirisha.

Kutoka Ng'ambo hadi Bombay

Siti alifanya kazi na kundi la wanamuziki waliojulikana sana, miongoni mwao Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa mji walikoishi watu wa kawaida, wengi wao wakiwa wazawa wa waliokuwa watumwa. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikufuta kejeli. Washindani wa Siti walimtungia wimbo wa kumdhihaki, wakiuliza ni lini hasa aligeuka kuwa mtu na kumkumbusha jinsi alivyoingia mjini akiwa fukara. Siti hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa wimbo, akisema kuwa uzuri na nasaba si hoja ikiwa akili haipo. Hapa tunaona kwamba kwake uimbaji haukuwa pambo tu. Ulikuwa njia ya kudai utu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri chini ya kampuni ya His Master's Voice. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo zake kibiashara, na katika miaka iliyofuata rekodi zake zilizidi mia moja. Inafaa kueleza ugumu wa kazi hiyo. Santuri za wakati huo zilibeba takriban dakika 3 tu kila upande, ilhali wimbo wa taarabu uliopigwa barazani ungeweza kuendelea kwa muda mrefu, ukirudiwa na kupambwa kadiri wasikilizaji walivyotaka. Mwimbaji hakuwa na nafasi ya kupasha sauti ndani ya wimbo wala kurekebisha kosa. Aliyezoea kuimba usiku kucha alitakiwa kuukusanya ustadi wake wote katika dakika chache. Mafunzo ya Ali Muhsin na mazoezi ya Ng'ambo ndiyo yaliyomwezesha.

Santuri hizo zilisambaa katika miji ya pwani na kupenya bara. Zilikisambaza Kiswahili cha Unguja mahali ambapo vitabu havikuwa vimefika, na zilibeba habari za watu. Wimbo wake mmoja unaojulikana sana, «Kijiti», unahusu kisa cha kweli cha mwanamke aliyenajisiwa na kuuawa. Mtuhumiwa alitorokea bara, huku wanawake waliotoa ushahidi wakijikuta wao ndio wanaoadhibiwa. Katika wimbo huo mwimbaji aliisema mahakama ya kikoloni hadharani, jambo ambalo wachache walithubutu kulifanya kwa maandishi.

Siti kama Mwalimu

Siti hakufungua shule wala hakutoa vyeti. Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba hakufunza. Mazoezi ya kundi lake yalifanyika nyumbani kwake, na waliotaka kujifunza walisikiliza. Mmoja wao ni Fatuma binti Baraka, maarufu kama Bi Kidude, ambaye alieleza mara nyingi kwamba alijifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza akiwa nje wakati Siti na wenzake wakifanya mazoezi. Bi Kidude aliziimba nyimbo hizo kwa sauti nzito iliyokuwa yake peke yake, akawa pia kungwi aliyewafunza wasichana katika unyago. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alifariki Aprili 2013 baada ya kuuzungusha muziki wa Unguja duniani.

Njia hii ya kufunza, ambapo mwalimu haandiki wala mwanafunzi hasajiliwi, ina nguvu na udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba mwanafunzi hupokea wimbo ukiwa hai, pamoja na pumzi yake, kituo chake na ladha yake. Udhaifu wake ni kwamba mwalimu akifa, kisichopokewa huenda naye kaburini. Siti alifariki Julai 1950. Kama si santuri, kama si kumbukumbu ya wanafunzi wa mlangoni kama Bi Kidude, na kama si kalamu ya Shaaban Robert, mengi yangepotea. Shaaban Robert alimhoji Siti katika siku za mwisho za maisha yake, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kinachohesabiwa miongoni mwa wasifu za mwanzo katika fasihi ya Kiswahili. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mwandishi mkubwa wa lugha hii, alipotafuta mtu wa kuandikiwa wasifu, hakumchagua mtawala. Alimchagua mwimbaji.

Urithi huo haujakoma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilianzisha jarida kikaliita Sauti ya Siti. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kiliifanya taarabu kuwa somo la darasani. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake mkuu.

Mosocho na Obokano

Sasa turudi Mosocho. Abagusii nao wanayo fani ya uimbaji ya jadi iliyohitaji mafunzo marefu. Fani hiyo ni uimbaji wa obokano. Obokano ni ala ya nyuzi 8, yenye umbo la kinubi na bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Ni kubwa kuliko nyatiti ya Waluo na litungu la Wabukusu, na mlio wake mzito wenye mvumo huhisiwa kifuani kabla ya kusikika vyema masikioni. Mpigaji wake huketi, akapiga na kuimba peke yake: husifu, huonya, huomboleza na kusimulia nasaba. Kwa maneno mengine, yeye ni mwimbaji, mshairi na mwanahistoria kwa wakati mmoja, na alijifunza kama Bi Kidude alivyojifunza, kwa kukaa karibu na mjuzi.

Pamoja na obokano, eneo hili lilipokea uimbaji wa kanisani. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, ilianzishwa mwaka 1911, mwaka uleule Siti alipohamia mjini Unguja. Kwaya zilileta sauti nne: soprano, alto, teno na besi. Shule nazo, ikiwemo Shule ya Upili ya Cardinal Otunga iliyoko Mosocho, zimeendelea kuwalea vijana katika mazingira ambamo nyimbo za kanisa, nyimbo za kiasili na Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, hukutana. Mwanafunzi wa huko, kwa hivyo, hukulia penye fani nyingi za sauti, sawa na Siti.

Tofauti ni katika mtazamo. Mara nyingi uimbaji wa noti za kigeni huitwa elimu, ilhali ule wa obokano huitwa burudani. Mwalimu wa kwaya huitwa mwalimu. Mpigaji wa obokano huitwa mzee wa karamu. Mtazamo huu una hasara, kwa sababu kila mara mpigaji mmoja anapofariki bila mwanafunzi, chuo kizima hufungwa na hakuna anayetangaza.

Lugha ya Mama katika Sauti ya Mwimbaji

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa Mosocho anaweza kulichota kwa Siti, nalo ni la kiisimu. Ekegusii ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno. Kiswahili sanifu hakina toni za namna hiyo, bali huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ekegusii kina irabu saba na hutofautisha irabu ndefu na fupi. Kiswahili kina irabu tano. Aidha, sauti kama /f/, /v/ na /z/ si za asili katika Ekegusii.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayeimba shairi la Kiswahili anaweza kuweka toni mahali pa mkazo, au kuifungua irabu ya /e/ na /o/ kuliko inavyotakiwa. Si nadra kwa vijana kuchekwa kwa ajili hiyo, nao huamua kwamba uimbaji wa Kiswahili ni wa watu wa pwani. Lakini Siti naye aliingia katika Kiarabu kama mgeni. Alifunzwa makharaji herufi baada ya herufi hadi ulimi wake ukatii. Matamshi si damu, ni mazoezi.

Zaidi ya hayo, kile kinachodhaniwa kuwa kasoro kinaweza kuwa hazina. Mtoto aliyelelewa katika lugha ya toni ana sikio lililozoea kutofautisha kiwango cha juu na cha chini cha sauti tangu alipoanza kusema. Anayetofautisha irabu saba hawezi kushindwa na tano akielekezwa ipasavyo. Mwalimu mwema wa sauti hamwondolei mwanafunzi lugha yake. Huanzia hapo hapo, kama Ali Muhsin alivyoanzia kwenye sauti ya mnadi wa vyungu.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2017, umetenga mkondo wa Sanaa na Michezo katika sekondari ya juu. Kwa mara ya kwanza, mzazi wa Mosocho anaweza kuulizwa rasmi kama anaridhia mtoto wake afuate njia ya sauti. Jibu lake litategemea anavyoielewa njia hiyo. Akiiona kuwa mchezo, atakataa. Akiiona kuwa elimu yenye kanuni za pumzi, matamshi, mizani na kumbukumbu, huenda akafikiri mara mbili.

Mambo mawili yanapendekezwa. La kwanza, walimu wa Kiswahili na wa muziki washirikiane, kwa kuwa mizani na pumzi ni somo moja lenye majina mawili. La pili, wanafunzi wa fasihi simulizi wanaotoka Kisii na Nyamira wawaendee wapigaji wa obokano wangali hai, wawarekodi na kuandika wasifu wao kwa idhini yao, kama Shaaban Robert alivyomwendea Siti katika siku zake za mwisho.

Udongo huwahiwa ungali maji, naam. Lakini mfinyanzi wa Fumba alionyesha kuwa mtu si udongo: hata akikawia, hufunzika. Kisichosubiri ni mwalimu. Huyo ndiye wa kuwahiwa.